Mgongo wa Desley

Nev Kratzmann alikaa juu ya kitanda cha daktari na chupi tu, soksi bado miguuni, amenuna. Mwili wake ulikuwa wa rangi mbili. Uso, shingo na mikono vilikuwa vyekundu kama matofali, na vilivyobaki vyote vilikuwa vyeupe kama unga wa ngano. Mkewe Desley alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, akiufuata kwa macho mkono wa daktari kila ulipohama na taa. Alikuwa amejiandaa kusikia neno baya. Kichwani alishapanga nani atawapelekea ng'ombe maji Nev akilazwa, na kanisani waimbe wimbo gani ikibidi.

Kilichomtia hofu ni kidonda kwenye ncha ya sikio la mumewe. Kilikuwa kinakauka, kinabanduka, kinatoa damu, kinakauka tena, tangu majira ya joto yaliyopita. Sikio lenyewe halikuwa zima. Daktari wa zamani wa Mundarra, kabla hajastaafu, alishalimega upande, na jirani yao Clarrie Zerner alikuwa na mzaha wake usiochuja: kwamba Nev alikatwa alama sikioni kama ng'ombe, ili akipotea porini arudishwe kwa mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo la kustaajabisha. Katika wilaya ile nzima hapakuwa na mtu aliyeizoea kansa kama Nev. Ng'ombe wake ni wale wekundu wenye nyuso nyeupe, na kope nyeupe chini ya jua la Queensland huota kansa, hilo kila mfugaji wa huko analijua. Kila ng'ombe walipokusanywa kabla ya mnada, Nev alisimama kando ya kibano cha chuma, ng'ombe akaingizwa, shingo ikabanwa, naye akafunua kope kwa kidole gumba. Huyu mzima, aende. Huyu ana kipele, kigandishwe kwa baridi kali leo leo, kife. Huyu tumechelewa. Aliyechelewa hapandi lori la mnada. Nev alikuwa akimpeleka nyuma ya lambo na bunduki, na siku hiyo chakula cha mchana hakishuki.

Majirani walimwita awakagulie na wao. Alikwenda, hata mvua ikinyesha. "Ukiona doa leo, usiseme kesho," alikuwa akiwafokea vijana wa watu. "Kesho doa nalo limekula." Hayo aliyasema kuhusu ng'ombe.

Kuhusu yeye mwenyewe, ilikuwa hadithi nyingine. Zahanati ya ngozi ilikuwa katika mji mkubwa, mwendo wa saa mbili kwa pikapu, na kila Desley alipomwekea nafasi palizuka jambo. Pampu ya kisima imekufa. Ng'ombe wanazaa. Ukame umezidi, lazima wapelekewe majani. Mvua imenyesha hatimaye, nani mwenye akili anaondoka shambani siku ya mvua? Akikosa sababu alisema daktari mwenyewe ni binti mdogo, naye hakulelewa kuvua suruali mbele ya mabinti. Na akibanwa kabisa alitoa ile ya mwisho: "Ukienda kule mzima, unarudi mgonjwa. Waache wanaoumwa waende."

Desley alifoka, akapiga masufuria, kisha akanyanyua simu na kuongea na Lorelle, mama wa mapokezi. "Hatuji tena, Lorelle. Mzee amepata kisingizio kipya." Siku zote aliweka nafasi mbili zinazofuatana, ya Nev na ya kwake, maana haina maana kuchoma mafuta ya gari kwa ajili ya mtu mmoja. Nev akiahirisha, zinafutwa zote mbili. Hakuna aliyeuliza habari za hiyo ya pili, si Nev, si Lorelle, na Desley hakuitaja.

Walifikaje siku ile? Kwa aibu tu. Desley alimvizia kwenye baa ya Mundarra, Ijumaa, mbele ya Clarrie na nusu ya wafugaji wa wilaya, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Jamani, mwanaume anayefunua macho ya ng'ombe wenu wote anamwogopa binti mwenye tochi." Baa ilicheka mpaka kaunta ikatikisika. Clarrie akatia chumvi: "Nev, nenda bwana, nitakuja kukushika shingo kwenye kibano." Nev alimaliza bia yake, akavaa kofia. Alhamisi iliyofuata waliondoka alfajiri, na njia nzima hakumsemesha mkewe.

Daktari Perera, huyo binti aliyeogopwa, alikuwa mpole na mwenye haraka ya kazi. Alipitisha kioo chake cha taa kwenye paji la uso la Nev, nyuma ya shingo, mikononi, mpaka kati ya vidole vya miguu baada ya kumwamuru avue soksi. Mwisho akalishika lile sikio, akaligeuza huku na huku.

"Hili halina neno," akasema. "Ngozi imeungua na jua na kukauka, basi. Naligandisha hapa hapa. Na hiki kipele cha mkononi. Mengine yote salama, Nev."

Desley aliachia pumzi aliyoibeba tangu majira ya joto. Machozi yakamtoka, akacheka humo humo, akatafuta leso kwenye mkoba.

Nev alijaa kitandani kama fahali aliyepewa utepe wa ushindi. "Nilikwambia nini, mama? Nilikwambia nini? Petroli yote hii kuja kuoneshwa sikio."

"Ndiyo, umeshinda. Vaa nguo zako." Desley alikwishasimama. "Twende tupitie dukani kabla hakujajaa. Asante, daktari, Mungu akubariki."

"Na wewe, Desley?" akauliza daktari. "Nafasi inayofuata ni yako."

"Ah, mimi sina kitu. Mimi ni mtu wa ndani."

Mtu wa ndani. Mwanamke aliyeendesha trekta miaka na miaka na fulana ya mikanda, aliyeanika nguo, aliyerudisha ng'ombe kwa farasi, na ambaye ujanani yeye na wenzake walikuwa wakijipaka mafuta na kujilaza ufukweni kutwa nzima, upande huu wakishaiva wanageuka.

Na aliyemzuia kutoka ni Nev, kwa sababu ya ushindi wake. "Hapana, hapana," akasema akivuta suruali. "Mimi nimevua mpaka soksi. Na wewe vua, tuone."

Desley akarudi. Alitazama mlango mara moja, kisha akampa Nev mgongo amfungulie zipu ya gauni, kama alivyofanya siku zote.

Daktari alianza usoni, akashuka mikononi. Alizungumza kama wanavyozungumza, habari za mvua, habari za maonyesho ya kilimo. Akafika mgongoni, na mazungumzo yakakatika katikati ya sentensi. Nev aliyekuwa anafunga mkanda aliinua kichwa, maana kimya kile alikijua. Ni kile anachokaa nacho yeye mwenyewe akishafunua kope, wenye ng'ombe wakimtazama mdomoni.

"Hiki hapa chini ya bega," akasema daktari. "Kina muda gani?"

"Kipi?" Desley alijaribu kugeuza shingo. "Sioni huko. Kuna nini?"

"Hujawahi kukihisi? Kuwasha? Damu kwenye sidiria?"

"Labda kuwasha. Nilidhani ni mkanda." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Daktari, kikoje?"

Daktari alisogeza taa karibu zaidi. "Ningependa kujua kimekuwa kikikua kwa kasi gani. Inasaidia sana. Basi tu hukuweza kukiona."

Nev alisimama na mkanda mkononi, suruali inamshuka. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua. Lakini mdomo ulikwishafunguka, na kilichotoka ni sauti yake ya kwenye kibano, kavu, ya kazi.

"Pasaka ya mwaka juzi kilikuwa punje ya dengu," akasema. "Cha kahawia, duara. Siku ya dansi ya maonyesho kilikuwa kimefika kifungo cha shati na kimeingia weusi. Upande wa kushoto ukingo ulikuwa umemeguka. Hicho kinundu cha katikati hakikuwepo. Hicho kipya."

Daktari Perera aligeuka, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Desley hakugeuka. Alibaki ameshika gauni kifuani, mgongo wake mweupe mbele ya watu wawili, na lile doa juu yake.

"Ulikiona," akasema.

"Nilipokuwa nakufunga zipu."

"Mwaka juzi."

"Nilidhani ni chako. Nilidhani ulizaliwa nacho, mama."

Wala hakusema uongo, masikini. Kule Mundarra mwanaume atajadili chuchu za ng'ombe na mchungaji mezani, keki mkononi, bila haya hata chembe. Lakini kuhusu mwili wa mkewe hasemi neno. Zamani, wakiwa bado wageni katika ndoa, Nev aliwahi kumwambia Desley kwamba amenenepa miguu, akala chakula baridi wiki nzima. Alijifunza. Tangu siku hiyo alifunga zipu, akasema umependeza, akaenda kuwasha gari. Ng'ombe aliwaona kwa jicho moja na mkewe kwa jingine, na hilo la pili alikuwa amelifumba mwenyewe kwa heshima.

Daktari alikata kinyama cha kupima palepale. Walipotokea mapokezi, Lorelle alikuwa na tabasamu pana. "Hatimaye! Nilishamwambia mwenzangu, hawa wawili watakuja wakiwa wazee wa mkongojo. Kila mara Desley akipiga ni ile ile: hatuji, Lorelle, sote hatuji." Alipoziona nyuso zao tabasamu likafa. Nev alishika ukingo wa meza. Neno "sote" ndilo lililomwingia. Pampu, ndama, mvua, majani: kumbe kila alipojifutia nafasi yake alikuwa anafuta mbili.

Majibu yalikuja haraka kuliko walivyoambiwa. Ilikuwa melanoma, ile kansa ya ngozi mbaya kuliko zote, na ilikuwa imezama. Hospitalini Brisbane walimchimba Desley mgongo, wakatoa ngozi pajani kuzibia, na wakatoa tezi moja ya kwapani kuipima. Tezi ile ilikuwa na kitu. Ikabidi apigwe picha za mwili mzima ili ijulikane kama imefika mbali zaidi, na majibu ya picha wakayapokee kwa Daktari Perera, Alhamisi, nafasi ya kwanza asubuhi.

Katika siku za kungoja, Nev alikuwa mtu wa kuogopesha kumtazama. Nesi alimfundisha kubadilisha bandeji, na kila jioni Desley alikaa kinyumenyume kwenye kiti cha jikoni naye akasimama nyuma yake, akiibandua bandeji ya jana kidogo kidogo. Clarrie alipokusanya ng'ombe, Nev alikwenda kukagua kama kawaida. Alimfunulia kope ng'ombe wa kwanza, kidole gumba kikaganda pale. Clarrie akamwita. Akamwita tena. Mwisho akaja kumshika bega na kumpeleka kivulini, na safari hii hakuna aliyefanya mzaha.

"Nilimwona, Clarrie," alikuwa akirudia. "Nilimwona nikafunga zipu."

Alhamisi ikafika, na Nev akaiacha zipu ya gauni la Desley nusu, asiguse bandeji. Kulikuwa bado na ukungu mabondeni walipofungua geti la pili, na kando ya uzio, kwenye majani marefu, palilala mtamba. Hakuwa mtamba hivi hivi. Alikuwa binti wa jike wao aliyewahi kuchukua utepe wa bluu wa ushindi kwenye maonyesho ya kilimo, mzao wake wa kwanza, na Desley ndiye aliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa. Alikuwa anajikamua kuzaa. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umetoka, wa pili haukuwepo, na mtamba alikuwa ameshachoka, kichwa chini, ulimi nje.

Nev alisimamisha pikapu, akashuka, akatazama, akarudi. Mtu yeyote wa Mundarra angekwambia kazi ile ni ya nusu saa kwa mtu anayejua, na Nev anajua. Nusu saa, na kuoga, na kubadili nguo. Nafasi ya kwanza ingekuwa imepita, na daktari alishasema mchana huo anasafiri, mpaka wiki ijayo. Alijaribu simu ya Clarrie. Clarrie akajibu yuko njiani na lori la mnada, ataligeuza, lakini afike mapema wapi.

"Kavue koti," akasema Desley, ambaye alikuwa ameshafungua mlango wake. "Nakushikia kamba. Nitampigia Lorelle, wiki ijayo si mbali."

"Funga mlango, mama."

"Nev, atakufa. Mguu umekunjwa ndani. Unamwona kabisa."

"Namwona. Funga mlango."

"Mimi siwezi kwenda nikamwacha hivi. Nimempa chupa kwa mkono wangu huu. Wiki moja itanifanya nini ambacho hakijanifanya?" Alikuwa anazungumza haraka mno, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika simu. "Namba ya Lorelle naijua kwa kichwa. Dakika moja tu."

Nev akamgeukia. Alimtazama mkewe usoni, alivyomtazama bila kuacha tangu siku ile ya zahanati, na akauona wepesi. Ulikuwa umekaa pale wazi, chini ya wasiwasi wote ule wa mtamba. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango wa kutorokea.

"Ndivyo ulivyokuwa siku zote?" akauliza polepole. "Ukimpigia Lorelle?"

Mtamba alikoroma kwenye majani.

"Mama yangu aliingia kwa daktari Jumatatu na kikohozi tu," akasema Desley. "Alikuwa ameacha unga kwenye bakuli mezani. Hakurudi kuukanda. Mimi ndiye niliyeumwaga." Aliifuta simu kwa kidole, ingawa haikuwa na vumbi. "Kila ulipokataa kwenda nilikutukana, Nev, na nilimaanisha, kwa sababu niliogopa kukukosa. Kisha nampigia Lorelle, na nikikata simu mwili wangu wote unakuwa mwepesi. Naenda kuoka keki. Naimba. Nilikuwa nakuombea upone na nakuombea ukatae, yote mawili, katika sala moja."

Wiki hizi zote Nev alikuwa amejilaumu kwamba yeye peke yake ndiye aliyemfungia mkewe njia, na kumbe walikuwa wawili, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake, na doa katikati likiendelea kula. Hakupata nafuu kwa kulijua hilo. Lilimtia ubaridi kuliko yote aliyoyasikia.

"Leo ndiyo nashindwa kabisa," Desley akasema. "Picha zile zinajua tayari. Mimi bado. Nipe wiki moja nisijue. Vua koti, tumtoe huyu ndama, Nev, tafadhali. Nakuomba."

Katika maisha yao yote alikuwa hajamwomba kitu kwa sauti ile. Na mtamba alikuwa pale, hatua chache tu, jicho lake jeupe limewageukia. Nev Kratzmann, aliyelia mbele ya watu ng'ombe wake wa kwanza walipokufa kwa ukame, aliinama juu ya mapaja ya mkewe, akauvuta mlango wake, akaufunga. Akaichukua simu mkononi mwake, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Nev. Atakufa."

"Afe."

Desley alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Na ndama?"

"Na ndama," akasema Nev, akaingiza gia.

Nyuma yao mtamba alitoa mlio mmoja mrefu. Desley alijiziba masikio. Nev hakuziba yake, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yakimteremka mpaka kwenye kola ya shati safi. Barabara ya vumbi ilikuwa na mashimo, naye aliyapita yote bila kupunguza mwendo. Walipofika kwenye lami, Desley alitoa mikono masikioni, akaipeleka nyuma ya shingo yake, akaipandisha mwenyewe zipu ya gauni mpaka mwisho.